Nimewasha kijiji changu cha treni kwa Arduino Nano, miezi minane baadaye haya ndo majibu

Nianze na kosa ambalo karibu kila mwenye meza ya treni za mfano ameshalifanya, na mimi nimo. Unajenga kituo kizuri, unajenga nyumba sita saba, unapaka rangi, unapanda miti, halafu siku ya taa unachukua balbu moja unaitumbukiza katikati ya kila nyumba, waya zote unazikusanya kwenye transfoma, unazima taa ya chumbani, unabonyeza swichi na kijiji kizima kinawaka kwa mpigo mmoja kama wameamriwa. Madirisha yote, vyumba vyote, mwanga uleule. Choo kinawaka sawa na sebule. Dakika ya kwanza unafurahi, dakika ya tano unaona kabisa kwamba hizo siyo nyumba, ni fanusi zenye paa.

Ndo nikaingia kwenye mambo ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja unayoiandikia programu. Mwanga nilikuwa nao wa kutosha, nilichokuwa nakitaka ni giza la kupangilia: chumba hiki kiwake, kile kizime, huyu alale mapema, yule asahau taa ya stoo mpaka asubuhi. Kwa kazi hiyo nimetumia Arduino Nano kwenye kijiji cha kipimo cha HO, yaani 1:87, nyumba kumi na moja na kituo kimoja, na ninayoyaandika hapa ni ya macho yangu na vidole vyangu vilivyoungua na lehemu.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, ni bodi ndogo ya milimita 45 kwa 18. Ukiigeuza kwa kipimo cha HO inakuwa karibu mita 3.9 kwa 1.6, yaani ni kama gari dogo la saluni limepaki. Hesabu hiyo ina faida yake, maana unajua mapema kwamba itaingia chini ya sakafu ya nyumba yoyote au ndani ya banda la mizigo na hakuna atakayeiona. Ubongo wake ni chipu inaitwa ATmega328P, inakimbia megahezi 16, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za RAM. Aliyezoea simu atacheka. Lakini kuwasha na kuzima taa hakuhitaji akili nyingi, kunahitaji kitu kisichochoka na kinachoamka papo hapo ukikipa umeme, hakuna kusubiri sijui inajiwasha sijui inajizima, unachomoa tu na unachomeka. Hapo Nano haijawahi kuniangusha.

Pini za kutumia ukihesabu vizuri unapata 18 bila presha: D2 mpaka D13, halafu A0 mpaka A5 ambazo zinakubali kufanya kazi kama za kawaida. D0 na D1 ziache, ndo njia yake ya kuongea na kompyuta. A6 na A7 sasa ndo wadanganyifu, zimekaa pale kwenye mstari kama wenzao lakini zenyewe zinasoma tu, haziwezi kuwasha kitu. Nimepoteza jioni nzima natafuta kwa nini taa ya ghala haiwaki, nikabadilisha LED, nikabadilisha waya, nikailaumu lehemu yangu, kumbe nimechomeka A7. Na katika hizo 18 ni sita tu, yaani 3, 5, 6, 9, 10 na 11, zenye uwezo wa kupandisha na kushusha mwanga taratibu kwa njia ya PWM, zilizobaki ni kuwaka au kuzima basi. Kwa hiyo kabla hujalehemu chochote kaa chini upange nani anastahili hizo sita. Moto wa jiko unastahili, TV inastahili, taa ya korido haistahili.

Kuhusu kununua niseme kidogo. Hii bodi michoro yake iko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza, kwa hiyo utakutana na zile zenye jina la Arduino lenyewe na zile zisizo na jina ambazo ni za bei ya chini sana. Nilichukua tatu zisizo na jina kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Moja ilikuja kimeo, haikuwaka hata siku moja. Mbili zilikuwa nzima ila miguu imefungwa pembeni kwenye kifuko, ulehemu mwenyewe pini 30. Halafu nyingi za aina hii zinatumia chipu ya CH340 kwa ajili ya USB, kompyuta nyingine haiitambui mpaka uiwekee draiva yake, na hata ikishatambulika unaweza kupata makosa mekundu kila ukijaribu kupakia programu. Dawa yake iko kwenye menyu ya Arduino IDE, ile programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia, sehemu ya kuchagua prosesa, kuna chaguo limeandikwa ATmega328P halafu pembeni Old Bootloader, chagua hilo. Mimi nilikaribia kuzitupa zote mbili kabla sijaliona. Kama huna uvumilivu wa mambo haya chukua yenye jina, utalipa zaidi ila utaanza kazi siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe, maana hapa ndo kuna utamu na ndo kuna kuharibu.

Nyumba ya kwanza niliyoiwasha ni kituo, kina ofisi ya mkuu wa kituo, chumba cha kusubiria, dirisha la tiketi na ghorofa ya juu anakoishi mkuu mwenyewe. Nikachukua LED za rangi nyeupe ya joto, zile za kelvini 2700 hadi 3000, usichukue nyeupe ya baridi kwa makazi ya watu labda unawasha hospitali au karakana. LED ya namna hii inakula kama volti 3, Nano inatoa 5, zile 2 zinazobaki ndo unazizuia kwa rizista. Niliweka ya ohm 220, ikawa inapita karibu miliampea 9, nikazima taa ya chumbani nikaangalia: kituo kimewaka kama kinaungua ndani. Nikapanda mpaka ohm 470, bado. Ohm 1000 ndo ikatulia, miliampea 2 tu, na kwa chumba ambacho mtu wa mita 1.75 ana urefu wa milimita 20 hiyo inatosha kabisa, vyumba vingine nimeweka mpaka 4700 na bado unaona mwanga. Watu wanaogopa sana kupunguza. Punguza, halafu ukimaliza punguza tena.

Uzuri wa kutumia miliampea 2 ni kwamba hata bodi yenyewe inapumua. Pini moja ya Nano ukiivuta miliampea 40 umefika ukingoni, 20 ndo ya kuishi nayo, na chipu nzima kwa pamoja isizidi 200. Taa 18 za miliampea 2 ni 36. Hata ukiweka LED mbili kwenye pini moja, kila moja na rizista yake, bado uko mbali na hatari. Zile balbu ndogo za zamani ambazo zinakula karibu miliampea 50 kila moja na zinataka volti 12 au zaidi, hizo usithubutu kuziunga kwenye pini moja kwa moja, tafuta chipu ya katikati kama ULN2803 ifanye kazi ya kubeba mzigo. Mimi nilizing'oa zote. Zilikuwa na joto pia, paa moja la plastiki lilishaanza kujikunja.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna maikrokontrola itakayokusaidia nalo, ni kuvuja kwa mwanga. Kuta za nyumba za plastiki ni nyembamba, ukiwasha LED ndani ukuta wote unang'aa, kona zinachora mistari ya mwanga, chini ya paa kunatoka mwanga kama jua linachomoza. Kaa na hiyo kwanza kabla hujagusa kompyuta. Paka ndani rangi nyeusi mara mbili, ikikauka paka nyeupe juu yake, nyeusi inazuia na nyeupe inarudisha mwanga chumbani. Kila chumba kitengenezee kijiboksi chake cha kadibodi ngumu, la sivyo ukiwasha ofisi na chumba cha kusubiria nacho kinawaka nusu. Madirisha weka karatasi nyepesi ya kuchorea kwa ndani ili mtu asione kile kinukta cha LED. Mimi kwa ujanja wangu nikajaribu foili ya alumini kwenye nyumba ya pili, inazuia mwanga vizuri mno, tatizo ni kwamba inapitisha umeme, miguu ya LED ikaigusa, shoti, ghorofa ya juu ikazimika na mimi nikabaki natazama mita ya kupimia umeme na kujiuliza. Kadibodi jamani.

Kama unatumia LED za milimita 3 au 5 za kawaida, zina kichwa cha mviringo kinachorusha mwanga mbele kama tochi. Kisugue kwa tupa kiwe bapa, mwanga unatawanyika. Dakika moja ya kazi, tofauti unaiona palepale.

Programu sasa. Mtu akianza Arduino anafundishwa amri inaitwa delay, yaani subiri. Washa, subiri sekunde moja, zima, subiri. Kwa taa moja hakuna shida. Kwa kijiji ni balaa, maana Nano ikisubiri inasubiri na kila kitu, haifanyi jambo lingine lolote. Karakana yangu ilikuwa na mwanga wa kulehemu unaometameta, kila ukianza TV ya jirani inaganda picha, ukiisha TV inaendelea. Mara ya kwanza nilidhani ni bodi inazingua. Dawa ni kutumia millis, ambayo ni saa ya ndani inayohesabu milisekunde tangu bodi iwake, kila chumba unakiwekea muda wake wa kubadilika, programu inazunguka haraka inauliza kila chumba, wewe muda wako umefika? Bado. Na wewe? Tayari, haya zima. Inazunguka hivyo mara maelfu kwa sekunde na hakuna anayemsubiri mwenzake. Hiyo saa inajirudisha sifuri baada ya siku 49 hivi, ukiandika hesabu kwa kutoa, yaani sasa toa wakati wa mwisho, haina madhara, ukiandika kwa kujumlisha ipo siku kijiji kitagoma. Kwa meza inayozimwa kila usiku wala usihangaike.

Kingine ambacho kilinichekesha. Nyumba ya wageni ina madirisha manane, nikaiandikia iwake kwa bahati nasibu, na kweli yakawa yanawaka bila mpangilio, moja juu, moja chini, mawili kushoto. Nikawaita watu nyumbani wakaangalia, safi. Kesho yake nikawasha, dirisha la kwanza kuwaka ni la juu kulia. Keshokutwa la juu kulia. Wiki nzima mgeni wa juu kulia ndo anafika wa kwanza, na anayefuata ni yuleyule wa chini katikati. Bahati nasibu ya Nano kumbe ni orodha ndefu inayoanza palepale kila ikiwaka. Ndo nikajua kazi ya randomSeed: unasoma pini isiyounganishwa na chochote, inaokota kelele za hewani, namba inayopatikana ndo unaanzia orodha hapo. Nikaipa A7 kazi hiyo. Ile A7 niliyoitukana, mwisho wa siku ikapata ajira.

Ofisi ya mkuu wa kituo nitaielezea kwa undani kwa sababu ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote mezani. Nilitaka iwe na taa ya tyubu, ile ndefu yenye stata. Nadhani wote tunaijua inavyowaka: inapiga mara moja, kimya, inapiga mara mbili haraka, kimya kidogo, ncha zinakuwa na wekundu hafifu, halafu inashika. Nikaandika hivi: ichague namba kati ya 3 na 6, hizo ndo mara za kupiga, kila pigo liwe la milisekunde 20 mpaka 60, giza katikati ya mapigo milisekunde 100 mpaka 400, mwisho ishike kwa mwanga wa robo tatu kisha ipande taratibu kwa sekunde kama nne mpaka mwanga kamili. Hapa ndo nilitumia LED ya nyeupe ya baridi, pekee kijijini. Niliilaza darini nikaifunika na kipande cha plastiki nyeupe kirefu. Siku ya kwanza nilipoiwasha nikiwa nimeinama, jicho liko usawa wa jukwaa, kamtu kamesimama pale nje na taa inapiga nyuma yake, kivuli chake kikaruka kwenye jukwaa mara tatu halafu kikatulia. Nikazima nikawasha tena kama mara ishirini.

TV ni rahisi zaidi: rangi ya bluu iliyochanganyika na nyeupe, ibadilike kila baada ya muda wowote kati ya moja ya tano ya sekunde na sekunde mbili, mwanga uruke kwa ghafla badala ya kupanda pole pole, na LED uielekeze ukutani, isitazame dirisha. Mtu akitazama dirishani anaona ukuta unabadilika rangi, ubongo wake unamalizia wenyewe. Moto wa jiko ni kinyume, LED mbili, moja nyekundu na moja ya njano, zote kwenye PWM, zinatikisika kidogo kidogo bila kuzimika kabisa.

Mpaka hapo nilikuwa na kituo na nyumba mbili na pini zimeisha. Hili ndo lalamiko kubwa juu ya Nano ukiitumia peke yake, kwa jengo moja mpaka matatu ni sawa, ukizidi hapo waya zinakuwa msitu. Kila LED inahitaji waya wake mpaka kwenye bodi, chini ya meza pakawa kama kiota. Zipo njia za kuongeza pini, 74HC595 inakupa matokeo manane kwa pini tatu tu za Nano lakini ni ya kuwasha na kuzima, PCA9685 inakupa 16 zenye kupandisha mwanga kwa ngazi 4096 na unaziunganisha nyingi kwa waya mbili za data. Nzuri zote. Mimi nikaishia kwenye WS2811.

WS2811 ni chipu ndogo yenye njia tatu, ilitengenezwa kwa ajili ya taa za rangi tatu, nyekundu kijani bluu, lakini hakuna anayekulazimisha. Njia tatu ni vyumba vitatu. Unaweka LED nyeupe kwenye njia ya nyekundu, nyingine kwenye ya kijani, nyingine kwenye ya bluu, na ukiiambia chipu namba 5 iwe na rangi fulani, kumbe unawasha sebule na kuzima jiko. Zinaungwa kwa mnyororo, ya kwanza inachukua taarifa yake inapeleka iliyobaki mbele, kwa hiyo nyumba kwa nyumba ni waya tatu tu: 5V, graundi na data. Na kwenye Nano unatumia pini moja. Pini moja! Nyumba zote zilizobaki zinaendeshwa na D6, na D4 imebaki inaangalia. Nimeweka plagi ndogo ya miguu mitatu chini ya kila nyumba, nikitaka kufanya marekebisho naichomoa nyumba nzima naipeleka mezani.

Mnyororo huohuo unabeba vilevile WS2812B ambazo chipu iko ndani ya LED yenyewe, hizo nimetumia kwa TV na moto kwa sababu rangi ninaichagua kwenye programu. Laibrari, yaani programu iliyokwisha kuandikwa unayoiongeza kwenye yako, ya FastLED au ya Adafruit NeoPixel yoyote itakufaa, kila chipu inakula baiti 3 za RAM, hivyo hata mia ni baiti 300 tu kati ya zile 2048. Ukiona umeomba nyekundu imekuja kijani, ni mpangilio wa rangi, WS2812B inataka kijani ianze, badilisha neno moja kwenye programu. Na kama hutaki kabisa kuandika programu, kuna laibrari ya MobaLedLib iliyotengenezwa Ujerumani mahsusi kwa treni za mfano, inaendesha mpaka LED 256 za rangi au 768 za kawaida, ina nyumba, TV, moto, kulehemu, vyote vimeshaandikwa, unapanga kwenye Excel. Niliijaribu, inafanya kazi vizuri sana, nikarudi kwenye yangu kwa ubishi tu.

Kasoro ya WS2811 kwa kazi yetu ni kwamba inasukuma karibu miliampea 18 kwa kila njia, ni nyingi mno kwa chumba cha HO. Ukishusha kwenye programu mpaka 10 kati ya 255 mwanga unakuwa sawa, lakini ukitaka ipande taratibu unaona ngazi, tik, tik, tik, maana jicho linaona tofauti ya 2 na 3 wazi kabisa wakati 200 na 201 haioni. Nikarudisha rizista za ohm 1000 kwenye kila LED, mwanga ukashuka kwa asili na mimi nikabaki na ngazi nyingi za kuchezea. Kwa waya mrefu wa data weka pia rizista ya ohm 300 mpaka 500 mwanzoni, na kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye umeme kabla ya taa ya kwanza. Sikuweka mwanzoni, kila treni ikianza kutembea nyumba moja ilikuwa inapiga zambarau.

Umeme. Hapa nimeua Nano moja kwa mkono wangu. Transfoma ya treni ina tundu pembeni la vifaa, linatoa volti 16 za AC, mimi akili ikaniambia si umeme huo uko hapohapo, nikapeleka kwenye VIN, pini ya kuingizia umeme. Nano kwenye VIN inataka DC ya volti 7 mpaka 12. AC ya 16 kwenye kilele chake inafika karibu volti 23, nusu ya muda iko kinyume. Ulitoka moshi mwembamba, haukuchukua hata sekunde, na harufu ikakaa chumbani mpaka asubuhi. Sasa hivi natumia chaja ya simu ya volti 5, ampea 2, naingiza moja kwa moja kwenye pini ya 5V na waya nyingine nene inakwenda kwenye mnyororo wa taa, sipitishi umeme wa taa ndani ya bodi. Pini hiyo haina ulinzi wowote, ukigeuza chanya na hasi umeaga, pima na mita kabla. Usiogope zile hesabu za kutisha za miliampea 60 kwa kila WS2812B, hiyo ni nyeupe kamili mwanga wote, mia zingekula ampea 6, ila kwa mwanga wa kijijini kwangu sijawahi kuona mita ikipita ampea moja.

Na umeme wa taa uache mbali na wa reli. Kama unaendesha DCC, ule mfumo wa kuziamuru treni kidijitali kupitia reli, utatamani Nano hiyohiyo isikilize amri za reli ili uzime taa kwa rimoti ya treni. Nilijaribu, ikawa inasikia amri moja inakosa mbili. Sababu ni kwamba wakati inapeleka taarifa kwenye zile taa, Nano inaziba masikio, mikrosekunde 30 kwa kila chipu, chipu mia ni milisekunde 3 za uziwi, na biti moja ya DCC ni fupi kuliko hapo kwa mbali. Weka Nano ya pili, moja isikilize, moja iwashe.

Kuna wataokuuliza kwa nini usichukue Raspberry Pi Pico, bodi nyingine ndogo, ina nguvu zaidi, RAM kilobaiti 264, prosesa ya kori mbili. Ni kweli, na kwa programu kubwa ningeichukua. Lakini Pico inatoa volti 3.3, na LED nyeupe inataka kama 3, kinachobaki cha rizista ni kiduchu mno, taa mbili za boksi moja zinawaka tofauti. Na data ya volti 3.3 kwenye WS2812B ya volti 5 iko chini ya kiwango kinachotakiwa, ambacho ni 3.5, leo inakubali kesho inakataa, mpaka uweke chipu ya kupandisha kama 74AHCT125. Nano ni volti 5 kwa 5, hakuna mjadala. Upande wa chini kuna ATtiny85, kachipu ka miguu minane, pini tano za kutumia, unakaficha ndani ya ukuta. Kwa mtu mwenye kibanda kimoja cha mlinzi wa reli ni tosha.

Kijiji changu sasa saa moja yake ni dakika moja yangu. Saa kumi na mbili jioni duka linawaka, saa moja majiko, saa mbili TV, saa nne usiku nyumba zinaanza kulala moja moja, saa nane kumebaki ofisi ya kituo na ile stoo. Usiku mzima ni dakika 12. Pale Miniatur Wunderland ya Hamburg, yale maonyesho makubwa ya treni za mfano, siku nzima inapita kwa kama dakika 15, yangu ni 24, kwa hiyo siko mbali sana nao, tofauti ni zile taa zao laki kadhaa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya soketi, hizi za kwangu bado ni mini-USB, kebo ambayo hakuna kifaa kingine nyumbani kinachoitumia. Ninayo moja tu nzima, nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, maana siku ikipotea sina namna ya kubadilisha hata saa ya jirani kuzima TV.